Grafu za kwanta nasibu: mipaka ya namba isiachwe nje

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa sayansi kuhusu grafu za kwanta, ambamo nafasi ya matriksi huchukua mahali pa mistari ya grafu ya kawaida, ilisema kwamba grafu ya aina hiyo ikiundwa kwa bahati nasibu haiwi na ulinganifu wowote. Kauli hiyo imeachwa wazi mno. Iko hali ambamo ni kweli kwa uwezekano wa 1, wala haihitaji neno "karibu". Iko hali nyingine ambamo si kweli hata mara moja. Kinachozitenga hali hizo ni namba mbili ambazo makala haikuzitaja. Tunaomba nafasi tuzitaje, tueleze zinakotoka, na tumpe msomaji mfano anaoweza kuuhakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hufundishwa matriksi za 2 kwa 2. Aliyezishika vizuri kuzidisha na kujumlisha ameshapata sehemu kubwa ya vifaa vinavyohitajika hapa.

Kwanza, grafu ya kawaida. Ni nukta kadhaa, pamoja na mistari inayounganisha baadhi yake. Ulinganifu wa grafu ni namna ya kuhamisha nukta bila kuvuruga mistari: palipokuwa na mstari pabaki na mstari, pasipokuwa nao pasiwe nao. Pembetano ina namna 10 za ulinganifu: mizunguko 5, tukihesabu na ule usiogusa kitu, na migeuzo 5. Kwa hiyo mchoro wa pembetano uliowekwa juu ya makala ile, kama mfano wa grafu isiyo na ulinganifu, haukuwa mahali pake. Ungefaa huu: chora pembetatu yenye nukta a, b na c, kutoka a toa mstari hadi d, na kutoka d hadi e, kutoka b toa mstari hadi f. Nukta 6, mistari 6. Nukta a na b zote zina mistari mitatu, lakini b ina jirani mwenye mstari mmoja tu, yaani f, ilhali a haina jirani wa namna hiyo. Hivyo a na b haziwezi kubadilishana, na zikishatulia mahali pake f, c, d na e hazina pa kwenda. Grafu yenye nukta 2, 3, 4 au 5 haiwezi kukosa ulinganifu; ya kwanza kuweza ni ya nukta 6.

Mwaka 1963 Paul Erdős na Alfréd Rényi walithibitisha kwamba kadiri nukta zinavyoongezeka, ndivyo sehemu ya grafu zisizo na ulinganifu inavyoikaribia jumla yote. Sababu yake inaonekana kwa hesabu fupi. Tuseme kuna nukta n, na kila jozi ya nukta inarushiwa sarafu, kichwa au mwenge, ili kuamua kama itapata mstari. Ili nukta u na v ziweze kubadilishana, kila moja ya nukta nyingine n − 2 lazima iwe imeungana na zote mbili au isiungane na yoyote kati ya hizo mbili. Uwezekano wake ni nusu iliyozidishwa kwa yenyewe mara n − 2. Jozi za nukta ni n(n − 1)/2. Kwa n = 6 wastani wa jozi zinazobadilishana ni 15/16; kwa n = 20 ni 190/262,144, pungufu ya 1 katika 1,000. Mahamisho yanayogusa nukta nyingi zaidi yanadai sadfa nyingi zaidi, na hufifia upesi zaidi.

Lakini tazama kasi yenyewe. Ukizipa nukta majina na kuhesabu grafu zote zinazowezekana, zisizo na ulinganifu ni asilimia 17.6 kwa nukta 6 (5,760 kati ya 32,768), asilimia 36.5 kwa nukta 7, asilimia 55.5 kwa nukta 8, na asilimia 71.3 kwa nukta 9. Kila n, hata ikiwa kubwa vipi, hubakiza grafu zenye ulinganifu kwa uwezekano ulio juu ya sifuri. Msomaji aiweke hiyo akilini, maana kwenye kwanta mambo hugeuka.

Grafu ya kwanta ilitokana na swali la mawasiliano. Mwaka 1956 Claude Shannon aliuliza: chaneli inayochanganya baadhi ya alama inaweza kupitisha ujumbe kiasi gani bila kosa hata moja? Kila alama iwe nukta, na nukta mbili ziungwe kwa mstari ikiwa mpokeaji anaweza kuzichanganya. Chukua alama 0, 1, 2, 3 na 4 zilizopangwa kwa duara, kila moja ikichanganywa na jirani zake wawili. Ukituma alama moja moja, salama ni 2 tu, kwa mfano 0 na 2. Ukituma mbili mbili ungetarajia 4, lakini zinapatikana 5: 00, 12, 24, 31 na 43. Linganisha mbili zozote kati ya hizo, utakuta angalau nafasi moja ambayo alama zake hazichanganyiki. László Lovász alithibitisha mwaka 1979 kwamba hakuna njia ya kupita hapo: kipimo ni kipeuo cha pili cha 5 kwa kila alama. Ulinganifu wa pembetano unabeba mzigo mkubwa katika hesabu hiyo. Nukta zote zina hadhi moja, kwa hiyo vigeu vingi hukunjwa vikawa kimoja. Ndiyo maana swali la ulinganifu si pambo. Anayepima chaneli hutaka kujua mapema kama njia hiyo ya mkato ipo.

Chaneli ya kwanta, yaani njia ya mawasiliano inayobeba hali za kwanta badala ya alama za kawaida, huelezwa kwa matriksi kadhaa E1, E2 na kuendelea, zinazoitwa opereta za Kraus. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, Runyao Duan, Simone Severini na Andreas Winter walionyesha kinachochukua nafasi ya mistari ya Shannon: ni nafasi ya vekta S inayojengwa kwa kujumlisha mazao ya aina Ei*Ej, kila moja ikiwa na kizidishi chake. Hapa alama ya nyota maana yake ni kugeuza safumlalo kuwa safuwima na kila i (kipeuo cha pili cha −1, si namba ya mpangilio ya Ei) kuwa −i. S ina sifa mbili: matriksi I, yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingineko, imo ndani, na kila X iliyomo, X* nayo imo. Nafasi ya namna hiyo huitwa mfumo wa opereta, nao ndio grafu ya kwanta tunayoizungumzia. Nik Weaver aliifikia kwa njia nyingine, ya mahusiano ya kwanta, mwaka 2012. Wanafizikia nao wana kitu chao chenye jina hilohilo, mtandao wa nyaya wenye mlinganyo wa Schrödinger juu ya kila waya. Makala yenu ilivichanganya viwili hivi katika aya moja, na inafaa vitenganishwe.

Sasa tufike kwenye namba zenyewe; kwanza tunahitaji vipimo viwili. Cha kwanza ni n, ukubwa wa matriksi. Cha pili ni d, idadi ya matriksi zinazoijenga S. Matriksi huitwa ya Hermiti ikiwa X* = X, na jumla ya namba za kwenye ulalo wake tutaiita jumla ya ulalo. Ili kuitaja S inatosha kutaja matriksi d za Hermiti, zisizotegemeana, zenye jumla ya ulalo 0, kisha kuongeza I. Matriksi za Hermiti zenye jumla ya ulalo 0 zina dimensheni n² − 1, yaani hiyo ndiyo idadi kubwa kabisa ya zisizotegemeana: 3 kwa n = 2, 8 kwa n = 3, 15 kwa n = 4. Kwa hiyo d huanzia 0 na kuishia n² − 1. Ulinganifu wa S ni matriksi ya yunitari U, yaani U*U = I, ambayo ikiichukua kila X ya S na kuifanya UXU*, S yote hubaki ileile. U mbili zinazotofautiana kwa kizidishi tu huhesabiwa kuwa moja.

Thiorema ya Alexandru Chirvasitu na Mateusz Wasilewski, waliyoitoa mwaka 2020 na kuchapishwa mwaka 2022, inasema hivi. Ukichota matriksi d za Hermiti kwa bahati nasibu, S haina ulinganifu wowote kwa uwezekano wa 1 pale d inapokuwa kati ya 2 na n² − 3, mipaka yote miwili ikiwemo. Ukiipanua mipaka hadi 1 na n² − 2, n ikiwa 3 au zaidi, kundi la ulinganifu huwa la kubadilishana, yaani ukifanya ulinganifu mmoja kisha mwingine, mpangilio hauleti tofauti. Hizo 2 na n² − 3 ndizo namba zilizokosekana kwenye makala yenu. Hazikuwekwa kwa urahisi wa uthibitisho. Nje yake kauli haisimami, na inaonyeshwa hivi.

Chukua d = 1, n ikiwa 3 au zaidi. Una matriksi moja X. Igeuze iwe ya ulalo, yaani yenye 0 kila mahali nje ya ulalo, na thamani zake za aigeni zitakaa kwenye ulalo; zikichotwa kwa bahati nasibu hazifanani hata mbili. Kila U ya ulalo hubadilishana na X, yaani UX = XU, kwa hiyo ni ulinganifu. Hizo ni nyingi mno: ni kundi lenye dimensheni n − 1, baada ya kuondoa kizidishi cha pamoja. Bahati nasibu haiwezi kuziondoa, maana hazitegemei X ni ipi. Je, upo ulinganifu zaidi ya huo? U ingeweza kuipeleka X kwenye −X tu, kwa kuwa jumla ya ulalo ya X² haibadiliki. Lakini jumla ya ulalo ya X³ nayo haibadiliki, na kwa −X ingegeuka alama yake. Isipokuwa 0, njia hiyo imefungwa. Basi kundi lina U za ulalo peke yake, nalo ni la kubadilishana, kama thiorema inavyosema.

Mpaka wa juu unatokana na wa chini. Kila S ina mwenzake: matriksi za Hermiti zenye jumla ya ulalo 0 zilizo kwenye pembemraba na X zote d, tukipima pembe kwa jumla ya ulalo ya zao XY. Mwenzake ana dimensheni n² − 1 − d, na ulinganifu wake ni uleule, kama grafu ya kawaida na ile inayopatikana kwa kufuta mistari iliyopo na kuchora isiyokuwepo. Kwa hiyo n² − 2 hufuata hatima ya 1, na n² − 3 hufuata ya 2. Pale d ikiwa 0 au n² − 1, kila U ni ulinganifu, na kundi si la kubadilishana tena.

Kwa n = 2 masafa ya kukosa ulinganifu ni matupu, maana n² − 3 ni 1. Matriksi husika zina dimensheni 3, na kila U huzizungusha kama tufe linavyozungushwa katika nafasi ya kawaida. Ukichota mstari mmoja kupitia katikati ya tufe, unaweza kulizungusha kwa pembe yoyote kuuzunguka mstari huo, na pia kuugeuza mstari wenyewe juu chini. Ukichota bapa badala ya mstari, ni yaleyale, kwa mstari ulio pembemraba nalo. Kyubiti moja, yaani mfumo wa kwanta wa n = 2, haina grafu ya kwanta isiyo na ulinganifu, hata uchote mara ngapi. Makala yenu ilitoa mfano wa kyubiti moja.

Mfano wetu ni wa n = 3 na d = 2, nafasi ndogo kuliko zote panapowezekana. Acha A iwe matriksi ya ulalo yenye 1, 2, −3. Acha B iwe na 0 kwenye ulalo na 1 katika nafasi nyingine zote sita. S ni mchanganyiko wote wa I, A na B. Jumla ya ulalo ya A² ni 1 + 4 + 9 = 14, ya B² ni 6, na ya AB ni 0, hivyo A na B zina pembemraba baina yake. Sasa tazama mchemraba, yaani jumla ya ulalo ya X³. Jumla ya ulalo ya A³ ni 1 + 8 − 27 = −18. B ina thamani za aigeni 2, −1 na −1, kwa hiyo ya B³ ni 8 − 1 − 1 = 6. Ya A²B ni 0. B² ina 2 kwenye kila nafasi ya ulalo, kwa hiyo ya AB² ni 2(1 + 2 − 3) = 0. Jumla ya ulalo ya (xA + yB)³ ni −18x³ + 6y³, basi.

Ulinganifu wowote U huigeuza xA + yB kuwa nyingine ya aina hiyohiyo, bila kubadilisha urefu wake, ambao mraba wake ni 14x² + 6y², wala mchemraba wake. Tafuta, kati ya zote zenye urefu 1, ile yenye mchemraba mkubwa kuliko wote. Upande wa B unatoa 6 kwa 6√6, karibu 0.408. Upande wa −A unatoa 18 kwa 14√14, karibu 0.344. Mahali pengine kote ni pungufu ya 0.408. Mshindi ni mmoja tu, naye ni B, kwa hiyo U haiwezi kuihamisha B. A, iliyo pembemraba nayo, inaweza kwenda A au −A tu, na −A imefungwa kwa sababu −18 si 0. Hivyo U inabadilishana na A na B zote mbili. Kubadilishana na A, yenye thamani tatu tofauti, kunailazimisha U iwe ya ulalo. Kubadilishana na B, isiyo na 0 nje ya ulalo, kunalazimisha namba za ulalo wa U ziwe sawa. U ni kizidishi tu cha I. Hakuna ulinganifu.

Kila sharti katika mfano huo lina kazi, na ukiliondoa ulinganifu hurudi. Weka A = (1, 1, −2), thamani mbili zikilingana: kubadilisha safu ya 1 na ya 2 huziacha A na B zilivyo. Weka A = (1, 0, −1), mchemraba ukiwa 0: kubadilisha safu ya 1 na ya 3 hugeuza A kuwa −A na kuiacha B, na S haitikisiki. Rudisha A = (1, 2, −3) lakini weka 0 kwenye kona mbili za B, mahali pa 1 na 3: matriksi ya ulalo U = (1, −1, 1) huiacha A na kuigeuza B kuwa −B. Msomaji asipite hapo haraka; azidishe mwenyewe. Mtu akichagua matriksi "nzuri" zenye sifuri nyingi na namba zinazolingana, karibu kila mara atakuwa ameingiza ulinganifu bila kujua, kisha atashangaa thiorema haimtii.

Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara ni kuchukua grafu ya kawaida isiyo na ulinganifu, kama ile ya nukta 6 hapo juu, kuiandika kama S ndani ya matriksi za 6 kwa 6 (namba yoyote ikiruhusiwa kwenye ulalo na mahali penye mstari, 0 kwingineko), na kutarajia grafu ya kwanta isiyo na ulinganifu. Haitokei. Kila U ya ulalo huzidisha kila nafasi kwa kizidishi chake na kuiacha S ilivyo, kwa hiyo ulinganifu wake una dimensheni 5. Grafu ya kawaida inakaa kwa haki juu ya matriksi za ulalo, si juu ya matriksi zote. Ukiihamishia kwenye matriksi zote unaipa uhuru ambao haikuwa nao.

Kwa nini uwezekano ni 1 kamili, tena kwa n ndogo kama 3, wakati kwa grafu za kawaida tulihitaji n iongezeke bila kikomo? Kwa sababu sarafu ina pande mbili tu, na sadfa za sarafu hutokea. Hapa kila namba huchotwa kutoka mstari mzima wa namba halisi. S zenye ulinganifu zimefungwa ndani ya eneo linalotimiza milinganyo ya polinomia, lenye dimensheni pungufu ya nafasi nzima, na eneo la namna hiyo lina uwezekano 0. Kwa makundi ya aina hii, mfano mmoja usio na ulinganifu unatosha kuthibitisha kwamba karibu S zote za n na d hiyo hazina. Kwa hiyo A na B zetu zinamaliza kesi ya n = 3 kwa d = 2, na kwa d = 6 kupitia mwenzake. Uwezekano 0 haimaanishi hazipo: tumeandika tatu hapo juu.

Ukitaka kuiga sarafu za Erdős na Rényi hadi mwisho, d yenyewe ichaguliwe kwa kurusha sarafu n² − 1. Kwa n = 3 ni sarafu 8. Unaangukia 0 au 8 mara 2 katika 256, na 1 au 7 mara 16 katika 256. Zinabaki 238, karibu asilimia 93, zisizo na ulinganifu. Kwa n = 4 ni sarafu 15, na zinazoharibika ni 32 kati ya 32,768, kama 1 katika 1,000. Hapo ndipo neno "karibu" linaporudi, na ni kwa sababu ya d peke yake.

Makala yenu ilimalizia kwa kutaja ulinganifu wa kwanta wa grafu. Hilo ni jambo la tatu. Grafu inabaki ya kawaida, lakini mahamisho ya nukta yanaruhusiwa kuwa ya kwanta, kwa maana aliyoiasisi Shuzhou Wang mwaka 1998, ambapo kuanzia nukta 4 yanakuwa yasiyo na idadi. Mwaka 2020 Martino Lupini, Laura Mančinska na David Roberson walithibitisha kwamba karibu grafu zote hazina hata ulinganifu huo. Lakini mwaka 2023 Josse van Dobben de Bruyn, Roberson na Simon Schmidt walitoa mlolongo usio na mwisho wa grafu zisizo na ulinganifu wa kawaida ambazo zina wa kwanta. Kwa hiyo kukosa mmoja si dhamana ya kukosa mwingine.

Kwa anayetaka kujaribu kwa kompyuta, Python na NumPy zinatosha. Chota matriksi G ya n kwa n yenye sehemu halisi na sehemu ya i, kila moja kutoka mgawanyo wa kawaida wa wastani 0 na varianzi 1, na zote zikiwa huru. Chukua X = (G + G*)/2, kisha toa jumla ya ulalo iliyogawanywa kwa n kutoka kila nafasi ya ulalo. Ukisahau kuongeza G*, X si ya Hermiti na yote yanayofuata ni bure. Rudia mara d. Ulinganifu wa kuendelea, ule unaoweza kuanza kidogo kidogo, unatafutwa kwa milinganyo ya mstari: K ya Hermiti yenye jumla ya ulalo 0, na sharti kwamba i(KX − XK) isitoke nje ya mchanganyiko wa X zako. Vigeu ni n² − 1, milinganyo ni d(n² − 1 − d). Kwa n = 3 na d = 2 hiyo ni milinganyo 12 kwa vigeu 8, na ranki, yaani idadi ya milinganyo isiyotegemeana, ikiwa 8 hakuna K zaidi ya sifuri. Kwa d = 1 milinganyo ni 7, ranki inatoka 6, na zinabaki K mbili zisizotegemeana, sawasawa na n − 1.

Hapo kwenye d = 1 wengi hujikwaa. NumPy hurudisha thamani singula (namba ambazo idadi ya zisizo sifuri ndiyo ranki) kwa idadi ya upande mfupi wa jedwali, yaani 7, na moja tu kati yake ni sifuri. Anayehesabu sifuri hupata 1 badala ya 2. Hesabu 8 kutoa ranki, usihesabu sifuri. Na sifuri ya kompyuta si sifuri: itatoka kama namba ya ngazi ya 10⁻¹⁶. Weka kizingiti cha 10⁻⁹ ya thamani kubwa kuliko zote, na uzichapishe zote uzione kwa macho. Pengo baina ya zilizo hai na zilizokufa liwe wazi. Wapo pia wanaohesabu kugeuza safumlalo kuwa safuwima kama ulinganifu, na kwa hiyo kusema A na B zetu, kwa kuwa ni za namba halisi, zina ulinganifu. Kugeuza huko hupindua mpangilio wa kuzidisha, (XY) huwa YX baada ya kugeuzwa, na hakuna U inayoweza kufanya hivyo. Hakumo katika hesabu.

Jaribio hilo la milinganyo linaona ulinganifu wa kuendelea tu. Lipe ile B yenye 0 kwenye kona mbili pamoja na A = (1, 2, −3): ranki itatoka 8, na programu itatangaza kuwa hakuna kitu, ilhali U = (1, −1, 1) ipo. Kwa d = 2 dawa yake ni mchemraba. Tafuta kwanza X mbili zenye urefu 1 na pembemraba baina yake ndani ya mchanganyiko wako, halafu chora jumla ya ulalo ya (cos θ · X1 + sin θ · X2)³ kwa θ kutoka 0 hadi 360. Mchoro ukiwa hauna mzunguko wala mgeuzo unaourudisha ulivyo, na hakuna K inayobadilishana na X zote mbili, ulinganifu haupo. Mchoro ukiwa na mgeuzo, bado hujathibitisha kwamba ulinganifu upo; ni lazima U yenyewe itafutwe na kuzidishwa.

Wasomaji wenu,
Walimu wa aljebra mstari
Dar es Salaam